Haikuwa Redio

Mwanangu Thuwaiba,

Jambo hili sijamwambia mtu. Hata Mama sijamwambia, na kaburini kwake nimekwenda mara nyingi, nikasimama pale kama mgeni asiyejua aanze vipi. Siku ile gari haikugoma kuwaka kwa sababu ya redio uliyokuwa ukiisikiliza. Iligoma kwa sababu yangu.

Nimeiandika sentensi hiyo, kisha nikaificha karatasi chini ya mto. Baba alikuwa akipita ukumbini kuchukua kofia yake, anakwenda kusali alasiri. Alipotoka nikaitoa tena. Wewe uko Kiembe Samaki na Bi Asha jirani yetu, mnawaaga jamaa, na mkikaa kula skonzi za watu hamtarudi kabla ya magharibi. Basi nna muda kidogo. Usiku huu ningeweza kuandika pia, lakini tunalala kitanda kimoja na wewe hulali mpaka uulize mara tatu kama taa imezimwa.

Najua utacheka kwamba nakuita mwanangu. Nna miaka kumi na minane, wewe kumi na miwili. Lakini tangu Mama alipoondoka ni mimi niliyekusuka nywele, niliyekupeleka chuoni kusoma Kurani, na skuli, niliyekaa na wewe ulipopata homa ukaniita Mama mara mbili, na ulipoamka ukaona haya. Hukuniomba msamaha na mimi sikukusahihisha. Leo nalitumia jina hilo kwa sababu mambo ninayotaka kusema hayawezi kusemwa na dada. Dada hujitetea.

Habari ya sanduku sikwambii. Nimelipanga, utaona mwenyewe. Sabuni, kanda mbili, mafuta ya nywele, barua ya dahalia, bweni la skuli yako, namba ya Shangazi wa Wete huko Pemba uendako, vyote vimo. Mambo hayo hata ukiyakosea utayarekebisha.

Sasa nisikilize habari ya gari.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akiiendesha, akipeleka mikate ya ajemi madukani kila asubuhi kabla jua halijakaza. Baba yeye alikuwa na Vespa yake, kwa sababu karakana yake ya cherehani iko ndani ya Mji Mkongwe na kule gari haipiti. Kwa hiyo gari ilikuwa ya Mama, na kwa kuwa njia ya kuja kwetu ni nyembamba, ililala pale chini ya mti wa mkungu, mbele ya barza ya vijana wa mtaa, kama inavyolala sasa. Kutoka mkunguni hadi baharini ni hatua chache. Mama aliniambia, "Sisi wa Mbweni chumvi tunaivuta puani. Na gari nayo inaivuta."

Alinifundisha nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Alifungua boneti akanionesha vile vichwa viwili vya betri, panapokamatia nyaya. Kimoja kilikuwa kimeanza kuota unga mweupe, wenye ukijani pembeni, kama ukungu wa mkate uliosahauliwa. Akasema, "Unauona huu? Ukiachwa unaingia katikati ya kichwa na kibano chake. Hapo betri iwe nzima, injini iwe nzima, umeme haupiti. Mmoja anaita, mwenzake hasikii."

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza unafungua waya mweusi, kwa spana namba kumi, ndipo unafuata mwekundu, maana ukianza na mwekundu na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Maji ya moto yaliyotiwa magadi soda, unamimina kidogo kidogo, unga unatoa povu na kulia kama mafuta ya sambusa. Unasugua kwa mswaki wa zamani. Unakausha kwa kitambaa, kavu kabisa. Unapitisha msasa mpaka risasi ing'are. Unarudisha mwekundu kwanza, mweusi mwisho, unakaza hadi kibano kisichezeke. Halafu grisi, si nyingi, ya kufunika tu ili hewa ya bahari isipate pa kukaa. Kila Alhamisi baada ya alasiri. Mama alisema mara moja kwa mwezi ingetosha kwa watu wa bara, lakini sisi na bahari yetu, Alhamisi.

"Kazi hii nakupa wewe," alisema, "kwa sababu haitaki maneno. Wewe na maneno hampatani."

Alinijua. Unanijua na wewe. Nikitumwa dukani nazunguka mpaka wateja waishe. Skuli nlikuwa najua jibu na mkono hauinuki. Watu wanasema Raya ana haya, Raya kalelewa. Mama alidhani amenipatia kazi ya mtu wa kimya. Hakuihesabu barza.

Wale vijana wa barza wanakaa pale kuanzia saa tisa, unawajua, wengine sasa wana watoto. Alhamisi ya kwanza nilipotokea na birika na mswaki wakaweka karata chini wote. Kisha Sele akasema, "Jamani, fundi kaja! Fundi Raya, na mie betri yangu imezima, nipashie moto!" Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Nikasafisha huku masikio yanawaka, spana ikaniponyoka mara mbili, na kila ikiponyoka wanahesabu. Juma la pili Mama alinifuata, akasimama ubavuni, mikono kiunoni. Sele akajaribu tena. Mama akamwambia, "We Sele, betri yako haijazima. Haijatiwa tangu uzaliwe!" Barza nzima ikamgeukia Sele. Mama akacheka nao, akawagawia mkate. Kwake ilikuwa imekwisha. Aliamini kwangu pia imekwisha.

Nilivumilia mwaka na kitu. Siku moja Sele hakuwapo, alikuwapo mwengine, mkaaji wa Ng'ambo aliyekuja kuwatembelea, na akasema neno juu ya jinsi nlivyokuwa nimeinama kwenye boneti. Sitaliandika. Nilifunga boneti nikarudi ndani sijamaliza. Alhamisi iliyofuata nikachukua birika, nikatoka, nikapita nyuma ya ukuta wa banda la kuku la Bi Asha, nikamwaga maji yote chini. Nikajipaka grisi kidogo vidoleni. Nikarudi.

"Ushasafisha?" Mama akauliza.

"Nshasafisha."

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Alhamisi ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Kwa majuma saba nilikwenda nyuma ya banda lile, hata kuku wakazoea kuja kutazama.

Juma la sita gari ilianza kukokota asubuhi. Ilikuwa inawaka, lakini baada ya kufikiri. Mama aliniita jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. "Raya, umesafisha kweli? Mbona inakokota?"

"Nshasafisha, Mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akanitazama kidogo tu. "Basi betri imezeeka, maskini. Nitamwambia Baba yako."

Thuwaiba, katika yote niliyofanya, neno langu lile la mwisho ndilo linaloniamsha. Alikuwa tayari kujijibu kwa ajili yangu. Nlikuwa nahitaji kunyamaza tu, na mimi nikaapa.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini unaikumbuka ukiwa na miaka minane. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Moshi wa tanuri ulirudi ndani kwa sababu ya upepo, pumu ikamshika Mama ghafla, akaitikisa ile dawa yake ya kuvuta, imekwisha. Nilimpigia simu Baba, akasema anakuja na Vespa, tusimsubiri, tumuite Mzee Haji. Mzee Haji wa nyumba ya jirani alikuwa dereva wa lori miaka mingi, kila mtu alimwamini kwa magari. Walimtia Mama kiti cha nyuma. Mzee Haji akazungusha ufunguo.

Tak. Tak. Tak. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia.

Vijana wa barza walitoka majumbani wote, Sele wa mwanzo, wakasukuma. Mzee Haji akawapigia kelele, "Acheni! Gari ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa!" Akazungusha tena. Tak. Akasema, "Betri imekufa. Kitu kimeila usiku. Nani kachezea gari hii?"

Ukanyanyua mkono.

Ulinyanyua mkono juu kama skuli, ukisubiri uitwe. Wote wakakutazama. Mzee Haji akakuuliza taratibu, hakugomba, "Ulikuwa ukisikiliza redio jana, mwanangu?" Ukaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi ndiyo hiyo."

Na mimi nlikuwa nimesimama nyuma yako.

Hapa ndipo pagumu, na nimeshaificha tena karatasi mara moja ingawa hakuna aliyepita. Nlijua. Nlijua pale pale, kabla hujanyanyua mkono. Redio ya nusu saa haiui betri. Nlijua chini ya boneti kuna nini, na nlijua kwamba mtu akifungua boneti, akakipiga kile kibano kwa jiwe, akakizungusha kidogo tu kikwaruze, gari pengine ingewaka. Mama mwenyewe aliwahi kufanya hivyo mbele yangu. Nlikuwa nahitaji kusema maneno matatu. Fungueni boneti, gongeni. Kulikuwa na wanaume kumi. Wangenitazama wote. Halafu wangeona ule unga, na Mama, ndani ya gari, angejua.

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Walisimamisha pikapu ya kuku barabarani. Hiyo ndiyo iliyomchukua. Baba alitukuta mlangoni pa hospitali, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kumtoa Mama manyoya ya kuku kwenye buibui, moja moja, kama wanakwenda harusini. Muuguzi alipotoka alisema, "Mmechelewa kidogo." Alisema kwa huruma. Kila nikilikumbuka lile neno kidogo, naona jiwe mkononi mwangu.

Sijui kama angepona. Watu husema ajali haina kinga na siku zake zilifika, na mimi Mungu simbishii. Lakini kidogo ile ilikuwa yangu.

Sasa jambo la tatu, baada ya kile kiapo na kule kunyamaza kwangu. Alasiri ile wanaume walikwenda mazikoni. Wanawake wako ndani wanasoma, mimi niko jikoni na masufuria ya chai ya waliokuja. Nikachota maji ya moto, nikatia magadi, nikachukua mswaki na spana, nikatoka kwa mlango wa uani. Nikafika chini ya mkungu, na barza ilikuwa tupu. Benchi tupu, karata zimeachwa zimefunikwa kwa kigae. Tangu nianze kazi ile sikuwahi kuikuta barza tupu. Walikuwa wote wamekwenda kumzika Mama.

Nilifungua boneti. Kichwa cha waya mwekundu hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa kwa unga kama donge la chokaa. Nilisafisha vizuri kuliko nilivyowahi kusafisha. Nikakausha, nikapiga msasa, nikakaza, nikapaka grisi. Nikakaa kiti cha Mama nikazungusha ufunguo.

Iliwaka mara moja. Wala haikukohoa.

Nikaizima, nikakaa nimeegemeza kipaji cha uso usukani. Betri ilikuwa nzima. Niliporudi jikoni vidole vinaniwasha kwa ule unga, mmoja katika wale wanawake akanishika mikono akasema, "Maskini mtoto, hata leo anafanya kazi." Wakalia wote kwa ajili yangu.

Siku ya tatu, baada ya khitma, Baba alikwenda kuijaribu gari mbele ya watu. Ikawaka. Mzee Haji akasema, "Betri ikipumzika hujirudi. Si nlisema? Ni redio tu." Baba aliingia ndani akachukua bisibisi zake za cherehani, akaitoa ile redio, akaifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya kabati. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kizingiti unatazama. Hakukuambia neno, na ninavyomjua Baba, alidhani kunyamaza ndiyo kukuhurumia. Sisi ni nyumba ya watu wanaonyamaza na kuita adabu.

Tundu la redio liko mpaka leo. Wewe huijui sura yake kwa karibu, kwa sababu tangu siku ile hujaingia ndani ya gari ile. Miaka minne. Skuli kwa miguu, Eid kwa miguu, hata ulipovunjika mkono ulikubali kubebwa na Vespa. Na ukaanza kuzima vitu. Taa, feni, jiko. "Dada, nimezima?" "Umezima." Unakwenda, unarudi, unashika swichi kwa kidole. Bi Asha anakusifu, anasema mtoto huyu hapotezi umeme. Mimi kila ukishika swichi nasikia tak.

Niliwahi kukaribia kusema. Kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alituuliza metali huliwa na nini, na alitaka jibu kwa Kiingereza kama wanavyotaka siku zote. Niliandika ukurasa mzima. Chumvi, hewa yenye maji, mvuke wa tindikali unaotoka kwenye betri, risasi inavyogeuka unga. Nikapewa alama zote, na mwalimu akaisoma kazi yangu mbele ya darasa. Nikarudi nyumbani nimeamua. Nikakukuta unaanua nguo, ukaniuliza, "Leo skuli mmesoma nini?" Nikasema, "Kemia tu." Naijua habari ile kwa lugha mbili, Thuwaiba, na sikukwambia kwa hata moja.

Nilichofanya badala yake ni kusafisha. Miaka minne sijakosa Alhamisi. Nikipita barza sasa wananisogezea kigoda, Sele ananiita fundi bila kucheka, hata huniletea gari ya mjomba wake niitazame. Vichwa vile vya betri vinang'aa kama pete. Nilidhani nikivisafisha vya kutosha kuna kitu kitalipika. Hakuna kilicholipika. Gari imekuwa ikiwaka kila siku, basi.

Na ningekuacha uende hivyo hivyo. Nakwambia kweli, ningekuacha. Nlikuwa nimeshajipangia kwamba ukifika Pemba utasahau, utapata mashoga, wasichana wenzako, utakua. Lakini jana nlikuwa naosha vyombo uani, na wewe unaongea na Bi Asha ukutani. Bi Asha alikuambia, "Umefaulu, unakwenda skuli kubwa, furahi basi."

Ukasema, "Baba ananipeleka ili asinione."

"Astaghfirullah! Kwa nini asikuone?"

"Bi Asha, na weye unajua."

Na Bi Asha, aliyezoea kuwa na jibu la kila kitu, akageuka kuwaita kuku wake. Halafu ukamwomba siku ya safari akupeleke bandarini kwa daladala, sanduku lipakiwe garini na Baba. Akakubali.

Sikuweza kumaliza vyombo.

Baba hakupeleki ili asikuone. Alikaa na ile barua ya skuli mfukoni siku tatu kabla hajakuambia, kwa sababu hakutaka uende. Nilimwona akiitoa karakanani, anaisoma, anairudisha. Hilo nalo hukuambiwa.

Sina nasaha nyingi za kukupa, na wa kutoa nasaha si mimi. Nna hili moja nililolipata kwa bei ambayo si mimi niliyeilipa. Unga ule hauanzi siku gari inapogoma. Unaanza na doa unaloweza kulifuta kwa kidole. Siku ile ya kwanza nyuma ya banda la kuku ningeweza kurudi nikasema, Mama, wamenitukana, sitaki kwenda peke yangu. Angevaa buibui akatoka nami, na ungekuwa na Mama mpaka leo, au angalau ungekuwa huna deni lisilo lako. Watu waliisifu haya yangu. Ulikuwa woga, mwanangu, umevishwa nguo nzuri.

Ukifika huko na mtu akauliza nani kafanya kosa, na hujafanya, usinyanyue mkono. Na ukiwa umefanya, nyanyua upesi, kabla hajanyanyua mdogo wako.

Huna haja ya kunisamehe kesho, wala mwezi ujao. Ukitaka kunichukia nichukie, nimekupa sababu. Ninachokuomba ni kimoja tu. Kesho asubuhi panda gari. Kaa mbele, kile kiti cha pembeni mwa Baba. Hukuiua betri ile. Hukumfanyia Mama kitu. Ulikaa ndani ya gari ya mama yako jioni moja ukasikiliza taarabu kwa nusu saa, kama mtoto yeyote.

Lakini hutapanda kwa barua yangu peke yake, hilo nalijua. Miaka minne nimekuona ukitazama uso wa Baba kabla ya kufanya jambo. Ukipanda na yeye bado anaamini ni redio, utakuwa umekaa kiti cha mbele na tundu lile linakutazama.

Nayasikia makubadhi ya Baba. Ameshafika mkunguni, anawaitikia watu wa barza salamu. Anapanda ngazi ya mbele. Siku zote nikiyasikia makubadhi haya mkono wangu unakwenda wenyewe chini ya mto.

"Raya!"

"Naam, Baba."

"Funguo za gari ziko wapi? Nataka nikaitie mafuta ya kesho."

Nimemwambia ziko hapa mezani kwangu, aje azichukue. Nimeziweka juu ya ukurasa wa kwanza, ausome. Kesho barua hii hutapewa na mimi, utapewa na yeye. Amefika ukumbini, anavua viatu. Karatasi zote ziko wazi, na mikono yangu naishusha.